Mtamba wa Jicho Moja

Siku ya koito, siku ambayo wazee wa pande mbili huketi kukubaliana ng'ombe wa mahari, Weldon alimtoboa mtamba jicho mbele ya wageni wote, na bado wote walikula.

Mtamba mwenyewe alikuwa mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, na kosa lake lilikuwa kugoma langoni. Wenzake waliotoka naye Siongiroi, kwa kina Weldon, walikwisha kuingia bomani. Yeye akakita kwato chini akakataa. Weldon akachukua rungu kwa mchunga ng'ombe, akampiga mgongoni, kisha usoni, tena na tena, kimya kimya, mpaka damu ikarukia shati lake jeupe. Rodah, bibi harusi mtarajiwa, alikuwa dirishani jikoni na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi, akasikia mfupa ukipasuka. Mtamba akaingia. Weldon akanawa mikono, akaombea chakula, na machozi yakamtiririka akimshukuru Mungu kwa kumpa mke.

"Huyu kijana anaweza chunga boma," akasema Kipchirchir, baba mdogo wa Rodah, na wazee wakacheka. Wazee wa kanisa, hao.

Machozi ndiyo yaliyomponza Rodah. Marehemu baba yake, Mungu amrehemu akiweza, alikuwa akiomba kwa macho makavu na kumpiga mkewe Janeffer kwa macho makavu, mpaka sikio lake la kushoto likafa. Basi Rodah alipofikia umri wa kuolewa alipiga magoti akamwomba Mungu mume anayelia akiomba. Hilo tu. Akamkataa mwalimu mmoja wa Kapkatet, mpole kabisa, kwa sababu alikuwa akisinzia wakati wa maombi. Kisha akaja Weldon, kiongozi wa kuimbisha kanisani, mtu wa kulia kabla wimbo haujafika kiitikio. Nani angekataa? Rodah alihisi amejibiwa, na siku ile ya koito alijiambia kwamba hasira ya mara moja haimfanyi mtu kuwa mbaya.

Pasta akatangaza ndoa Jumapili ya kwanza, akatangaza ya pili. Katikati ya wiki hiyo Weldon akaja, wakatembea shambani, na swali lililokuwa limemkaa Rodah kooni likatoka.

"Weldon, mbona ulipiga ile ng'ombe hivyo?"

"Ng'ombe gani?"

"Ile ya jicho."

"Unaniuliza kama nani?"

Hakungoja jibu. Ngumi ilimpata Rodah mdomoni. Walikuwa kwenye chai iliyopogolewa majuzi, visiki vimebaki vimechongoka, na Weldon akamshika nywele akamkokota juu ya visiki hivyo. Mkono wake ukachanika kuanzia kiwiko. Rodah akamng'ata kidole mpaka akaonja damu. Akapigwa teke la mbavu, kisha la pili, kichwa kikabamizwa udongoni. Na muda huo wote Weldon hakutamka neno. Rodah aliutambua ukimya ule. Aliusikia langoni siku ya koito, akaufumbia macho, na sasa alijichukia kwa hilo.

Kisha Weldon akapiga magoti kando yake, akaushika mkono uliochanika, akalia kwa kwikwi. "Baba, ni shetani anapigana na ndoa yetu. Mshinde, Baba." Akaomba mpaka sauti ikakauka. "Sema amina, Rodah."

Rodah akasema amina, maana kile kiatu kilikuwa bado karibu na mbavu zake.

Nyumbani Kipchirchir alimtazama mara moja tu. "Koito ilishaisha. Ng'ombe iko kwa boma. Utaombewa."

Mama yake alichemsha maji. Alimwosha vidonda kwa maji ya chumvi, akamfunga mkono, kisha akachukua dawa akaenda kumpaka mtamba jichoni. Rodah akamfuata akichechemea. Aliposogea kwa upande wa jicho bovu, mtamba alishtuka akajibamiza kwenye ua nusura aanguke.

"Hata mimi mtu akinijia na huu upande, naruka," Janeffer akasema, akigusa sikio lake. "Mpaka leo, na huyo babako alizikwa kitambo."

Hakuwahi kusema hivyo tangu Rodah azaliwe. Rodah alilia pale bomani, na alipomaliza kulia alikuwa ameamua.

Jumapili ya tatu pasta akasoma majina, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Huuliza kwa mazoea tu, na alikuwa ameshafungua tangazo jingine Rodah aliposimama.

"Mimi niko nayo."

"Rodah, hii ni ya watu wengine. Bibi harusi hawezi pinga."

"Pasta, hakuna mtu anajua sababu kunishinda." Akafungua kitambaa, akauinua mkono, kanisa zima likaona.

Weldon, aliyekuwa mbele na waimbaji, akaanza kulia. "Kanisa, tuingie kwa maombi."

"Wacha kulia," Rodah akamwambia. "Hayo machozi ni mimi niliomba Mungu. Leo namrudishia."

Machozi yakakatika kama bomba limefungwa. Weldon akang'oa chuma cha maikrofoni, akashuka nacho kimya kimya, akakiinua. Janeffer aliruka viti viwili, yeye na miaka yake, akajitia katikati. Chuma kikamvunja mtulinga. Hapo ndipo wanaume wakaamka, wale wale waliocheka siku ya koito, wakamwangushia Weldon ngumi na mateke mpaka pasta akalazimika kumlalia juu ili wasimuue. Mashujaa wa kuchelewa, mimi siwapi hongera.

Jamaa wa Weldon walikuja kurudisha ng'ombe wao Siongiroi. Kipchirchir akafungua lango bila kumtazama mtu. Rodah alikuwa amesimama mbele ya mtamba.

"Huyu haendi."

"Ng'ombe ya watu lazima irudi," Kipchirchir akasema.

"Wachukue yangu, ile nimelea mwenyewe, na iko na mimba. Huyu harudi kwa huyo mtu."

Kipchirchir akamgeukia Janeffer, aliyekuwa kizingitini mkono ukiwa umefungwa shingoni, ili amtulize binti yake.

"Umemsikia," Janeffer akasema. "Mimi mwenyewe nimemsikia."

Wakamswaga ng'ombe wa Rodah pamoja na wale wengine. Lango lilipofungwa, Rodah akazunguka mpaka upande wa jicho zima, akamwita mtamba kwanza, ndipo akamgusa.