Pakiti Saba za Chumvi

Hakuna anayewajua samaki kama mimi, ingawa wengi tumejuana kwenye kikaango. Mjukuu wangu mtafiti aliniachia sato mmoja kwenye tangi.

"Bibi, kila siku tia pakiti moja ya chumvi. Homoni zake zinahitaji muda kuuzoesha mwili maji ya chumvi."

Akawa anapiga simu kila jioni kumuulizia. Kabla ya hapo simu yangu ilikuwa ya kutazamia saa tu. Siku ya saba nikamwambia kwamba sato bado hajazoea, apige tena kesho.

Kesho yake akaja mwenyewe, akachovya kipimo.

"Bibi, maji haya hayana chumvi kabisa."

"Niliitia yote. Labda kaimeza, mlafi huyo."

Akasogeza mto wa kiti ili akae. Pakiti zote saba zilikuwa chini yake, hazijafunguliwa.