Kafa Ulaya

Mimi Tulinagwe nikisema nimesema. Nilimwambia mkwe wangu Veronika, tena mbele ya mwanangu, kwamba mitumba yake ndiyo inamuua mjukuu wangu. Si wenyewe tunaziita nguo hizo kafa Ulaya? Mtu kafa huko, kavuliwa, nguo zinauzwa sokoni Tukuyu. Sasa huyo mtu alikufa na nini? Tangu waseme biashara ni ruksa, hakuna anayeuliza.

Asajile ana miaka mitatu. Alikohoa, akakonda, jasho likawa linalowesha kitanda changu. Nikamfukuza Veronika arudi kwao Ikuti na robota lake la mitumba, nami nikambeba mtoto mgongoni hadi hospitali ya Igogwe.

Muuguzi, binti anaitwa Neema, wala hakutaka habari za nguo. "Bibi, mtoto anashinda na nani?"

"Na mimi. Mama yake si yuko sokoni!"

"Anakula na nani?"

"Na mimi. Namtafunia nyama."

"Na babu yake je?"

Nikacheka. "Ambindwile? Yuko na wazee wenzake, mtoto akisogea anafukuzwa. Na Veronika ndiyo kabisa! Kwetu mkwe akimwona baba mkwe njiani anageuza uso, anajitosa migombani mpaka apite."

"Basi hao wawili hawaambukizani," akasema, akaandika.

Loo, maswali yale yalinikolea! Sikuwahi kuitazama nyumba yangu hivyo: nani anakaa na nani, nani hamsogelei nani. Hasira ikaniisha, nikavuta kiti karibu. Nilitaka tumkamate mwizi.

"Watoto wadogo aghalabu huupata ugonjwa huu wa kifua kikuu kwa mtu mzima anayekohoa karibu nao," akasema Neema. "Nani mkubwa anakohoa kwako?"

"Hakuna," nikasema, nikakohoa. "Huu ni moshi wa jikoni tu."

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu masika ya mwaka jana."

Alinipa kikopo nitemee makohozi. Majibu yalipotoka, kifua kikuu kilikuwa changu mimi, nami ndiye niliyemwambukiza mtoto. Kumbe nyani haoni kundule! Niliona aibu mpaka nikalia.

Nilikwenda Ikuti mwenyewe. Nikakaa chini, mimi mama mkwe, nikamwomba Veronika msamaha. Akachukua kanga yake. "Twende, mama. Asajile amekula?"

Sasa mimi na Asajile tunakunywa dawa, na wamesema tutapona. Ila mpaka dawa zangu zishike, nisikae naye karibu. Yeye haelewi. Jana aliniona njiani, akaja mbio huku anaita, "Bibi! Bibi!" Nikageuza uso, nikajitosa migombani, nikasubiri apite.

Hakupita. Alisimama pale pale, ananiita.