Ya Kwanza ni ya Kuangalia Tu

Mwaka 1972 nilipopewa darasa la saba katika shule moja karibu na ufuko wa Dunga, kando ya ziwa, jambo la kwanza nililofanya ni kukusanya vifutio vyote na kuvifungia kabatini. Watoto waliniona kichaa. Mwalimu mkuu, Bwana Walubengo, aliniona hivyo hivyo, ila yeye alisema kwa sauti.

Watoto wale walijua kujumlisha na kuzidisha vizuri tu. Lakini ukiwapa hesabu ya maneno, yenye watu na mitumbwi na magunia, penseli ziliganda mkononi. Miaka sita walikuwa wamechapwa kwa kila jibu lililokosea, wakajifunza kwamba karatasi tupu haiumi sana. Wengine waliandika namba kisha wakafuta mpaka daftari likatoboka. Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na nakiri niliwafokea, tena mara nyingi. Haikusaidia kitu.

Dawa niliipata ufukoni, siku nilipokwenda kununua samaki kwa Mama Selpha, ambaye binti yake Dorca alikuwa darasani mwangu. Wanawake watano walikuwa wamenunua pamoja omena, wale dagaa wa ziwani, mtumbwi mzima, na Mama Selpha ndiye aliyekuwa akigawa. Hakuwa na mizani wala kopo. Alimwaga mafungu matano juu ya magunia, ovyo ovyo, moja kubwa mno, jingine la aibu. Nikamcheka. Mimi ni binti wa muuza nguo wa soko la Kibuye, wazazi wangu walitoka Murang'a, na kwetu kitambaa kilipimwa mara mbili kabla mkasi haujaguswa.

"Hii ya kwanza si ya kugawa, Mwalimu Rahab," akaniambia. "Ni ya kuangalia tu."

Akachota hapa, akaongeza pale, akaangalia tena. Mara ya tatu mafungu yalilingana, na hakuna mwanamke aliyenung'unika. Nilirudi nyumbani mbio, samaki nikawasahau pale pale.

Kesho yake tukaanza. Kwa kila hesabu ya maneno, mtoto abahatishe namba yoyote, aijaribu ndani ya swali, aone kama imezidi au imepungua, kisha abahatishe tena. Namba iliyokosea haifutwi. Inapigwa mstari mmoja tu, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha uelekee wapi. Madaftari yakajaa mistari. Bwana Walubengo aliyafunua akashika kichwa, akaniambia mkaguzi anakuja Ijumaa, na darasa likimwaibisha kwa kamari yangu hiyo nitarudi kufundisha a-e-i-o-u darasa la kwanza. Darasa langu angelichukua yeye mpaka siku ya mtihani wa kumaliza shule, yeye na fimbo yake. Niliumia sana. A-e-i-o-u singeiogopa, lakini watoto hawa walikuwa wameanza juzi tu kuinua mikono.

Mkaguzi, Bwana Zacchaeus, alikuwa mtu mpole mwenye suti ya kijivu. Akatoa karatasi yake, akasoma taratibu. Ufukoni kuna mitumbwi kumi na miwili. Mingine ina makasia mawili, mingine manne. Makasia yote ni thelathini na manne. Je, mitumbwi yenye makasia manne ni mingapi? Mikono ikapaa, na yeye akamchagua Dorca.

Dorca akaenda ubaoni, akaandika sita.

Mkaguzi akatazama karatasi yake, akatabasamu. "Sita. Sahihi kabisa. Kaa chini, binti."

Kaa, nikamwomba moyoni. Kaa, mtoto wa watu, tumeshinda. Bwana Walubengo alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

"Bado, Bwana," Dorca akasema. "Sijajaribu."

"Nimekwambia ni sahihi."

"Ndiyo, Bwana. Lakini hii ya kwanza ni ya kuangalia tu."

Akaandika. Mitumbwi sita mara makasia manne, ishirini na nne. Sita iliyobaki mara mawili, kumi na mbili. Jumla thelathini na sita. Akasema imezidi makasia mawili, akapiga mstari mmoja juu ya ile sita, akaandika tano. Tano mara nne, ishirini. Saba mara mbili, kumi na nne. Thelathini na nne. Ndipo akaweka chaki chini.

Makofi ya Bwana Walubengo yalikuwa yamekwama. Mkaguzi alihesabu kwa midomo, akarudia kwa vidole, kisha akaketi kwenye dawati la mbele, magoti yakikaribia kidevu. Alikiri kwamba karatasi ile ameizungusha shule nane. Kote huko alipowasomea jibu, sita, walimu kwa watoto waliitikia ndiyo.

Akatoa kalamu na kuanza kuichafua kwa wino ile sita ya kwenye karatasi yake ili isionekane. Dorca alikuwa bado amesimama karibu naye.

"Mstari mmoja tu, Bwana," akamwambia. "Usiifiche."

Bwana Zacchaeus akamtazama, akapiga mstari mmoja, akaandika tano pembeni. Darasa zima likapiga kelele kama wameshinda mpira, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka mbele ya wakubwa zangu, wala sikujali.

Jumatatu Bwana Walubengo alikuja mlangoni mwa darasa langu. Fimbo hakuwa nayo. Alinyoosha mkono akanipa kifutio chake mwenyewe, akaniomba nikifungie kabatini.