Aliyeachiwa Kaja Dukani

Hii hutaiamini, ila hapa Mwananyamala mtu aliyehukumiwa kunyongwa kaenda mwenyewe, saa tisa mchana kweupe, dukani kwa mjane wa mtu anayedaiwa kumuua. Kaomba mkate.

Maisa, huyo mjane, habari alizipata tangu jana yake. Shemeji yake Abdulhadi alikuwa mahakamani, akamrushia voisi: "Maisa, majaji wa rufani wamemwachia Brightson. Ushahidi hautoshi. Eti siku ile ya mechi nusu ya mtaa walivaa jezi nyekundu. Eti polisi uliwaambia hukuona sura, jina ukaja kulitaja siku ya tatu. Sasa wewe kaza hapohapo. Ulimwona."

Akaisikiliza mara nne. Maana ukweli anaujua yeye na Mungu wake: Aiman, mumewe, alipochomwa kisu pale kaunta, yeye aliona mgongo. Mgongo, jezi nyekundu, mtu anakimbia. Jina la Brightson, kijana wa nyumba ya pili, aliletewa msibani. Kila anayekuja kumpa pole anasema ni yule yule tu. Ikafika siku ya tatu, na yeye akawa amemwona.

Miaka sita kijana kakaa ndani.

Sasa huyu hapa, kakonda, upande wa pili wa nondo za dirisha. Nyuma yake watu wamejaa, simu juu, wanarusha live.

"Shikamoo, mama Ahlam."

"Marahaba."

Akampitishia mkate. Kijana haondoki.

"Sijaja kwa shari mie. Nauliza tu. Sura yangu uliiona?"

Maisa akatupa jicho kwenye zile simu.

"Jibu basi, tunamaliza bando hapa," mmoja akapayuka nyuma.

"Niliona mgongo," Maisa akasema, sauti ya chini.

Brightson akatingisha kichwa taratibu. "Basi njoo umwambie mama. Mbele ya hawa hawa."

Mama yake, Kokushubila, sokoni hajakanyaga miaka yote hiyo. Akipita wanamwita mama muuaji.

Simu ya Maisa ikaita. Abdulhadi, keshaona live. Maisa akitoka, wakwe watasema kaiuza damu ya Aiman, na duka ni la kwao, watamtoa yeye na mwanawe Ahlam. Asipotoka, mama wa watu atabaki kujifungia hivyo hivyo.

Kashika komeo la mlango. Simu inaita, inakata, inaita tena.

Ungekuwa wewe, ungefungua?