Picha za Shingo ya Yonas

Mara ya tatu asubuhi hiyo Evaline aliizima seva, akaiwasha, na mara ya tatu memori ikajaa hadi juu kabla hajakaa vizuri kitini. Akasonya. Jamani, mashine gani hii? Kutuma picha tu, inahema kama punda wa mnadani.

Picha zenyewe zilikuwa za eksirei ya shingo ya Yonas, kijana wa Basotu aliyerushwa na dume la ng'ombe jana yake. Zilipigwa kwenye kituo cha afya cha kule, zikaingia kwenye seva ya Katesh anayoitunza Evaline, na kutoka hapo zilitakiwa zifike kwa daktari wa mifupa Arusha. Asipoziona yeye, hakuna aliyejua kama Yonas anaweza kubebwa kwa gari au akiinuliwa tu atapooza.

Evaline alishalaumu kila kitu. Alibadilisha waya, akafuta faili za zamani, akaulaani mtandao, akamlaani na aliyenunua seva yenye memori kiduchu namna ile. Wapi! Mwisho akaiamuru Unix, mfumo unaoiendesha seva ile, imwoneshe kazi zote zinazoendelea. Akahesabu, hakuamini, akahesabu tena. Picha zile zile za Yonas zilikuwa zinatumwa mara thelathini na moja kwa wakati mmoja, kila kazi imeng'ang'ania memori yake na hakuna inayosogea. Na kila akiwasha upya, zote zinarudi kwenye foleni.

Akampigia Kornelia, karani wa kituo, akamfokea bila hata salamu. Kornelia akaanza kulia. Akaeleza kwamba wazee wa ukoo wa Yonas walikuwa wakiingia mmoja mmoja tangu alfajiri, kila mmoja na shikamoo yake, kila mmoja akiuliza kama picha zimekwenda. Angemwambiaje mzee wa watu "bado"? Basi alikuwa anabonyeza kutuma mbele ya macho yake, kisha anamjibu kwamba zimekwenda.

Evaline akarudi kwenye orodha ya kazi. Akazifuta kazi thelathini, akabakiza moja, akauliza nani yuko hapo sasa hivi. Kornelia akasema ni baba wa Yonas, mzee Gidahosh. Evaline akataka apewe simu.

"Shikamoo baba. Picha hazijaenda. Zilikuwa zimekwama huku kwetu. Ndiyo kwanza zinaondoka."

"Marahaba," mzee akasema taratibu. Halafu Evaline akamsikia akiwaita watu kwa sauti kubwa, akiwakataza wasimwinue. Aliporudi kwenye simu alieleza kwamba tangu alfajiri wameambiwa picha zimekwenda, na daktari kimya. Wakadhani ameshaziona na hana la kusema, basi wamchukue wenyewe. Vijana walishaleta gari na walikuwa wamesimama kando ya kitanda.

Dakika nane baadaye daktari akaandika: shingo imevunjika, asiguswe na mtu, gari lenye vifaa linakuja.

Evaline akamsomea mzee ujumbe ule. Mzee akashukuru.

"Mwambie huyu binti, kama ni bado, aniambie bado. Hiyo haiwezi kuniua. Lile jibu lake lingine nusura limuue mwanangu."