Mwenye Raketi Ndiye Anayesema

Nimechoka kuulizwa najisikiaje. Tangu nianze kusomea cheti cha ulezi wa vijana, hakuna tena anayeniuliza nimeamkaje wala nimekula nini. Ni "unajisikiaje" darasani, "unajisikiaje" kituoni, na ukijibu "vizuri tu", mhadhiri anainamisha kichwa upande na kusubiri, eti uendelee. Niendelee wapi? Nimeshasema vizuri tu.

Wala sikujipeleka kwa hiari yangu. Miaka yote nimefanya kazi kwenye kituo cha vijana cha mtaani kwetu. Nafungua mlango, naamua ugomvi, nashona wavu wa meza ya pimpongi ukichanika, na kila kijana anayekatiza mbele yangu nampa ushauri, ameuomba au hakuuomba. Walinipachika jina la Redio, nami nikadhani ni heshima. Kisha likaja agizo kwamba asiye na cheti hataruhusiwa tena kukaa na kundi la vijana, atapangiwa getini. Mimi, nikae getini! Nikanunua begi la mgongoni kama mtoto wa darasa la kwanza, nikaenda kujiandikisha.

Kitu cha kwanza walichonifundisha ni kunyamaza. Sitanii. Kuna somo zima la kunyamaza, na lina mtihani. Mtihani wenyewe unafanyika kwenye duara. Vijana wanakaa kwenye viti, wamezunguka, na mikononi mwao inapita raketi moja kuukuu ya pimpongi iliyobanduka mpira upande mmoja. Mwenye raketi ndiye anayesema. Wengine wote kimya, na mlezi pia kimya. Sheria ya pili: linalosemwa kwenye duara linabaki kwenye duara. Mlezi halipeleki nyumbani, halipeleki kwa mzazi wa mtu, isipokuwa maisha ya kijana yawe hatarini. Ukilitoa, huna cheti, na hata ungekuwa nacho, hakuna kijana atakayekuamini tena.

Msimamizi wangu wa mazoezi ni binti wa raba nyeupe ambaye ningeweza kumzaa. Anakaa nyuma ya duara na kalamu yake, na kila nikifungua mdomo kutoa ushauri, anakohoa. Kijana anasema, "Nimegombana na kaka yangu," mimi nishaanza, "Sasa sikiliza mwanangu, ukifika nyumbani—" huyo, anakohoa. Alikohoa wiki baada ya wiki, mpaka kijana mmoja tunayemwita Mtangazaji akamletea dawa ya kifua kwa huruma.

"Wewe unajua sana kusaidia," msimamizi aliniambia siku moja tukikunja viti. "Shida ni kwamba unasaidia kabla mtu hajasema anaumwa wapi."

"Mimi mzazi, najua anaumwa wapi."

"Unajuaje?"

Nikabeba viti vyangu nikaondoka. Mtu ana raba nyeupe vile bado anataka kunifundisha uzazi.

Lakini ukweli ni kwamba cheti nilikitaka kwa ajili ya kazi, na masomo niliyavumilia kwa ajili ya mwanangu. Ninaye binti mmoja. Baba yake alimwita Bosi tangu alipoanza kutembea, kwa sababu alikuwa akizunguka nyumba na mikono nyuma kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Mtoto yule alikuwa akiongea mpaka usingizini. Halafu akafanya mtihani wa kumaliza sekondari, na tangu siku zile za mtihani akageuka mpangaji yeye mwenyewe. Anatoka chumbani, anakula, anaosha sahani, anarudi chumbani. Ukimwambia jambo, "sawa." Ukimuuliza ana nini, "hamna." Ukimng'ang'ania, "baadaye, mama." Baadaye hiyo haikuwahi kufika. Nilikuwa sitaki kitu kingine chochote duniani, nilitaka tu mwanangu aongee na mimi.

Basi nikamjaribia niliyofundishwa. Nikagonga mlango wake, nikakaa pembeni ya kitanda, nikainamisha kichwa upande.

"Leo ni kitu gani kimekugusa, mwanangu?"

Akanitazama kama mtu anayetazama bomba lililoanza kuvuja.

"Mama, usinifanyie kazi."

Nilitoka humo chumbani nikaenda kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Mume wangu ni fundi wa friji, na kila friji anayofungua lazima aifungulie na habari za Bosi. Mtaa mzima unajua kwamba binti yake anakwenda kusomea uhasibu, maana kwenye hesabu ana moto wa kuotea mbali. Matokeo yalikuwa bado hayajatoka, lakini yeye alishamnunulia kikokotoo kipya na kukiweka juu ya kabati la sebuleni, ndani ya boksi lake, kila mgeni akione. Nikimwambia mtoto hayuko sawa, ananicheka.

"Wewe si ndiye unayesomea vijana? Sasa hicho cheti ni cha nini, kama hujui hata mwanao mwenyewe ana nini?"

Na hakuna kitu kinachonichemsha damu kama kukosa jibu.

Ikafika siku ya duara langu la mwisho, lile la kupimwa. Nikishindwa, narudia mwaka. Nilikuwa nimepanga viti, nimeweka raketi juu ya kiti changu, nimejisemesha peke yangu chooni, "leo fyata ulimi, mama, leo fyata ulimi." Vijana wakaanza kuingia. Mtangazaji, ndugu wawili wa duka la vioo, wasichana wa timu ya mpira wa mikono. Wa mwisho kuingia alikuwa Bosi.

Hakunisalimia. Alivuta kiti akakaa, mikono katikati ya magoti, macho sakafuni.

Nikamvuta msimamizi kwenye korido. "Yule ni mwanangu. Mtoe."

"Najua ni mwanao. Alikuja juzi kujiandikisha. Nikamwambia kuna duara lingine, la mwanafunzi mwenzako. Akasema anataka hili."

"Hairuhusiwi!"

"Kanuni inasema utaje uhusiano wenu, na awepo mlezi mwingine ndani. Umetaja. Mimi nipo." Akabonyeza kalamu yake. "Leo yeye ni kijana kama wengine, na wewe ni mlezi. Unaweza, au tuahirishe?"

Kuahirisha ni kurudia mwaka. Na zaidi ya hapo, mtoto wangu alikuwa ametembea kwa miguu yake mpaka kwenye kiti kile. Nikapiga moyo konde, nikarudi ndani.

Nikawasomea sheria zote mbili. Mtangazaji akaongea kuhusu mpira, akaongea kuhusu viatu, akaongea kuhusu mpira tena. Wasichana wakaongea. Raketi ikasogea, ikasogea, ikafika kwa Bosi. Kwa kawaida mtu asiyetaka kusema anaipitisha tu. Bosi aliishika kwa mikono miwili na kuanza kubandua kile kimpira kwa kucha. Mimi huyo mdomo ukaniwasha: acha kubandua, utaharibu. Nikaumeza.

"Mtihani wa hesabu," alisema, "karatasi ya pili. Mimi sikuifanya."

Mtangazaji akaacha kuchezea kamba za viatu vyake.

"Nilifika mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Mikono ikafa ganzi, nikawa sioni namba yangu ya kiti. Nikaenda kukaa nyuma ya matangi ya maji mpaka wenzangu walipotoka. Nikatoka nao. Nikawa nawaambia ilikuwa ngumu, ngumu sana." Akabandua tena. "Nyumbani hawajui. Baba kaninunulia kikokotoo. Na mama..."

Hakunitazama. Alisema "mama" kama anazungumzia mtu aliyeko nyumba ya pili.

"Mama si mbaya. Ila nikimwambia kitu, kabla sijafika katikati ameshakimalizia mwenyewe. Ameshajua nitarudia lini, kwa mwalimu gani, nivae nini. Halafu mimi nabaki na ile nusu nyingine, sina pa kuipeleka."

Niliuma ulimi. Si kwa kusema tu. Niliuma ulimi wa nyama, nikahisi damu. Kwa sababu hapo alipokuwa anaongea, wallahi, nilikuwa tayari nimeshapata mwalimu wa kumfundisha, siku za kwenda, na gauni la kuvaa. Maneno yalikuwa yamejipanga foleni nyuma ya meno. Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kibao kwa pamoja. Nyuma ya matangi ya maji, peke yake, mtoto wangu! Nami siku hiyo nilimpokea mlangoni nikamwambia, najua umefaulu, usiniambie, naona usoni.

Nilisubiri kikohozi. Hakikuja. Kumbe nilikuwa sijafungua mdomo.

Nilipoufungua, niliuliza swali lile la kitabuni, kwa kuwa sikuwa na lingine. "Ungependa kundi likusaidie nini?"

Bosi akafikiri. "Hakuna. Nilitaka tu nimalize kusema."

Akampa jirani yake raketi.

Viti vilipokunjwa, msimamizi alinijia. "Umepita," akasema. "Na umepita vizuri."

"Achana na kupita! Matokeo yanatoka wakati wowote. Baba yake ataumbuka mtaa mzima. Nafikaje nyumbani nikae na hili jambo tumboni?"

"Huwezi kulitoa. Alilisema kwenye duara."

"Hilo nalijua! Nakuuliza nafanyaje!"

Akainamisha kichwa upande. "Unajisikiaje kuhusu hilo?"

Nilitamani kumrushia raketi.

Siku zilizofuata zilikuwa adhabu. Sijawahi kubeba siri nzito zaidi ya kumficha mume wangu bei ya kitambaa. Mume wangu anapangusa vumbi kwenye boksi la kikokotoo huku akipiga mluzi, mimi natazama ukuta. Anasema, "Mhasibu wetu," mimi naongeza chumvi kwenye chungu chenye chumvi tayari. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia meno. Na Bosi ananipima, naliona hilo wazi. Baba yake akirudi kazini, yeye anatoka chumbani upesi, anamtazama usoni, kisha ananitazama mimi. Anatafuta kama nimeshatangaza. Redio, si ndivyo? Kila siku akikuta baba yake bado anapiga mluzi, anakaa sebuleni kidogo zaidi. Siku moja akanisaidia kukunja nguo. Nikakunja shati lilelile mara nne kwa ajili ya kujishughulisha.

Moyoni nilikuwa nawaka. Namkasirikia yeye kwa kunifunga mdomo, nawakasirikia waliotunga sheria za duara, namkasirikia baba yake na mluzi wake. Nilijikasirikia zaidi mimi, kwamba mwanangu alilazimika kujiandikisha kwenye kitabu cha kituo ili apate zamu ya kuongea na mama yake.

Siku ya mapumziko tukakaa mezani mchana, sisi watatu. Nilikuwa nimetandika kitambaa changu cheupe. Bosi ndiye aliyekuwa anapakua. Alimpakulia baba yake wali, akachota mchuzi, upawa ukabaki hewani.

"Nimwagie hapa," baba yake akasema, amesogeza sahani.

Bosi hakumwaga. Aliurudisha mchuzi chunguni, lakini upawa hakuuweka. Aliushika kwa mikono miwili, mbele ya kifua. Niliitambua mikono ile, ndivyo alivyoishika raketi.

"Baba," akasema. "Ile siku ya mtihani wa hesabu..."

"Eeh, hesabu!" Mume wangu akachangamka mwili mzima. "Juzi tu namwambia mteja wangu mmoja, yule wa friji la—"

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nilimkanyaga kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote.

"Wewe mwanamke! Una nini?"

"Upawa uko kwake," nikasema.

"Upawa? Si ndio namwambia anipe!"

"Ni zamu yake kusema. Msubiri."

Alinitolea macho kama nimerukwa na akili. Lakini mguu ulikuwa unamuuma, na nadhani katika maisha yetu yote ya ndoa hajawahi kunisikia nikimwambia mtu yeyote asubiri. Akanyamaza. Bosi alinitazama, mimi na siyo sakafu. Mimi nikafunga mdomo na kuubana. Upawa ulikuwa unadondosha mchuzi tone kwa tone juu ya kitambaa changu cheupe, doa linakua, na sikusema kitu. Bosi akavuta pumzi, akaianza sentensi yake upya, na safari hii akaimaliza.