Kofi la Khocha

Ijumaa hiyo Sifuna alikuwa na kazi mbili tu duniani: kumlima mpwa wake kofi moja, na kumvisha nyama mbichi shingoni. Zote mbili zilitakiwa zikamilike kabla ya jua kuzama, juu kwenye mteremko wa Mlima Elgon, mahali ambapo gari huachwa kwenye duka la mwisho na mtu akapanda kwa miguu saa nzima. Naye, kufikia saa kumi na moja alfajiri, alikuwa bado Kiganjo, Thika, nje ya lango la ploti, ndani ya suti yake ya pekee, akingoja gari la mtu mwingine.

Ifahamike kwamba kwa Wabukusu kijana hatahiriwi hivi hivi, kama mtu aliyepitia kwa kinyozi. Siku moja kabla ya kisu huenda kwa khocha, yaani mjomba, ndugu wa mama yake, akicheza na kugonga kengele, na kijiji kizima kikimfuata kwa nyimbo. Khocha huchinja fahali. Hukata utepe wa nyama ya kifua, humzaba kijana kofi pamoja na maneno makali ya kumpima moyo, kisha humvisha ile nyama kama mkufu. Hapo ukoo wa mama unakuwa umesema: huyu ni wetu, mkateni. Sasa, Nekesa, dada yake Sifuna, alikuwa na kaka mmoja. Kwa hiyo mwanawe Makokha alikuwa na khocha mmoja. Na khocha huyo kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kufunga biskuti katika Eneo la Viwanda la Thika.

Kosa lilitendeka mwezi wa sita, siku alipopeleka fomu ya likizo kwa msimamizi wa zamu, Bwana Gachau.

"Ofu ya nini?" Gachau aliuliza.

Mtu mwenye busara angejibu "mambo ya nyumbani" na kunyamaza. Sifuna akaeleza. Akaeleza kengele, akaeleza kijana anavyopakwa tope la mtoni kabla ya mapambazuko, akaeleza njia ya mlimani ambayo mtalii hajawahi kuikanyaga. Alieleza vizuri kupita kiasi. Gachau, ambaye alikuwa amezuru dunia nzima kwenye simu yake wakati wa chakula cha mchana, aliweka kalamu chini.

"Haiya! Na hii kitu iko hapa hapa Kenya? Watu wanapanda ndege kwenda kuona milima ya wenyewe, na sisi tuko na hii?" Akaikunja fomu, akaitia mfukoni. "Sikiza, Sifuna. Ofu nimekupa, Ijumaa mpaka Jumapili. Lakini tunaenda wote, na gari yangu. Hii nitasaini tukifika huko."

Sifuna alimshukuru. Tena kwa mikono miwili.

Gari lilifika Kiganjo saa kumi na mbili na dakika ishirini. Lilikuwa la kijani, na ndani yake alikuwemo Mutheu, mke wa Gachau, amezungukwa na mito, blanketi na ndoo ya kuku wa kukaanga.

"Bosi, tulisema saa kumi," Sifuna alinong'ona.

"Tulisema saa kumi ndiyo tutoke saa kumi na mbili. Wewe umezaliwa Kenya gani?"

Sifuna alipiga hesabu kichwani. Ni saa kumi za barabara, na moja ya miguu. Wakiipita Ruiru kabla ya saa moja, angemkuta Makokha na jua likiwa bado kilimani. Kidogo tu, lakini likiwepo.

Hawakuipita Ruiru. Walisimama Kimbo, kwa sababu Gachau alikuwa amemwalika kijana wa kamera aitwaye Kyengo, akisema kwamba sherehe isiyopigwa picha ni mkutano tu wa watu wenye jasho.

"Niko hapa stage," Kyengo alisema kwenye simu. "Hata gari yenu naiona."

"Ni ya rangi gani?" Gachau akamuuliza.

Kyengo akakisia: "Si ni hiyo nyeupe?"

"Dakika tano," Gachau alitangaza, akilaza kiti chake nyuma.

Dakika tano za Kimbo bado hazijapimwa na mwanasayansi yeyote. Saa mbili ikapita. Saa tatu Mutheu alishuka kununua gamubuti, maana alisikia neno tope likitajwa. Sifuna naye alishuka. Mbele yake palikuwa na basi la kwenda mjini likiita abiria wawili wa mwisho, na miguu yake ilianza kutembea kabla hajaiagiza. Alipogeuka akamwona Gachau ameutoa mkono dirishani. Mkononi mlikuwa na ile fomu, isiyo na sahihi, ikipepea taratibu kama leso ya bibi harusi.

"Enda tu, Sifuna," Gachau alisema kwa upole. "Mimi sikushiki. Lakini si unajua mtu akikosa kazi siku tatu bila karatasi inaitwa nini?"

Sifuna alijua: utoro, na mtoro hufutwa kazi. Miaka kumi na miwili alikuwa ameona wengine wakiitwa hivyo. Basi likapata abiria wake wawili, likaondoka.

Simu ikalia. Nekesa.

"Ndugu yangu, uko wapi?"

"Niko kwa njia."

"Wapi kwa njia?"

"Tumefika... Ruiru."

"Ruiru ni wapi? Umepita Nakuru?"

"Nakuru iko karibu," alisema Sifuna, akaona haya mbele ya mti wa stima uliokuwa jirani.

Kyengo alitokea saa nne na robo, mdomo umejaa chapati, akilaumu stima iliyopotea akichaji kamera. Wote waliingia garini. Injini ikawaka. Sifuna akafumba macho na kuomba, na ombi lake lilijibiwa papo hapo, kwa simu kutoka kiwandani. Mashine namba tatu ilikuwa imekwama, na biskuti zilikuwa zinamwagika sakafuni kama mvua ya mawe. Mashine namba tatu ni ya nani? Ni ya Sifuna.

"Tunarudi Thika mara moja," Gachau alisema, akigeuza gari. "Dakika tano."

Kwa hiyo mjomba wa Makokha alivua koti, akalala chali chini ya mkanda wa biskuti akiwa na suruali ya suti, akachokonoa, akafungua, akafunga, akafungua tena. Vipuri vilitafutwa. Fundi wa stima aliitwa, akaja, akaangalia, akasikitika, akaenda kula. Mashine ilipoguruma hatimaye ilikuwa saa nane na nusu. Sifuna alitoka uani akiwa na grisi mpaka kwenye kola, akamkuta Gachau anatafuna paja la kuku.

"Tunaenda sasa?"

Gachau aliangalia saa, akaangalia mbingu, akaangalia kuku. Kabla hajajibu, simu ikaita tena. Safari hii Nekesa alikuwa amepiga kwa video.

Uwanja wa nyumbani kwa marehemu baba yao ulijaa kwenye kile kioo kidogo: migomba, moshi, watu kwa mamia, na nyuma yao mlima umevaa wingu jeusi. Fahali alikuwa amekwisha kuchinjwa. Katikati alisimama Makokha, kifua wazi, shanga zikiwa zimevuka mabega, kengele zimenyamaza mikononi. Alikuwa amesimama hapo tangu saa sita.

"Wazee wamesema hawangoji tena," Nekesa alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kulia. "Mvua inakuja na nyama haiwezi kulala. Sifuna, sema kitu."

"Nipe wazee. Wazee, nitasema maneno yote hapa kwa simu. Naona vizuri. Mnishikie tu karibu na mtoto."

Mzee mmoja aliinama, akachungulia kioo mpaka likaonekana jicho tu. "Maneno yatapita," alikubali. "Na kofi? Hii simu ina mkono?"

Watu walicheka. Ndipo akajitokeza Barasa, binamu yao wa mbali, yule aliyekuwa amesogeza mpaka wa shamba hatua tatu mwaka Sifuna alipohamia Thika. Alikuwa ameshakunja shati.

"Mimi niko," Barasa alisema. "Mimi niko siku zote."

"Si huyo," Sifuna alisema. "Nekesa, mtu yeyote, lakini si huyo."

"Basi njoo wewe," Nekesa alijibu, na haikuwa kejeli, ilikuwa ombi.

Mutheu alikuwa amepanga viti vya kukunja. Gachau na Kyengo waliketi kulia na kushoto kwa Sifuna, vichwa vyao vikiwa vimegusana na chake.

"Hiyo nyama ni ya nini?" Gachau aliuliza. "Eleza, bwana, usituache gizani."

Sifuna akaeleza. Hakujua jingine la kufanya. "Ni ya kifua. Inavaliwa shingoni."

"Mwambie asogee kwa mwanga."

Kule juu Barasa alisimama mbele ya Makokha. Kijana hakumtazama. Alikuwa akiitazama simu mkononi mwa mama yake. Sifuna alifungua mdomo aanze maneno ambayo yeye mwenyewe aliambiwa na khocha wake, mbele ya migomba hiyo hiyo, "Wewe, mtoto wa dada yetu, kama wewe ni mwoga rudi sasa..." na mkono wa Barasa ukainuka, na picha ikaganda.

Mkono ulibaki hewani. Kiduara kilizunguka na kuzunguka juu ya uso wa Makokha.

"Amempiga?" Mutheu aliuliza.

"Sijui."

"Tikisa simu," Kyengo alishauri.

Sifuna aliitikisa. Aliiinua juu ya kichwa, akakimbia nayo hadi langoni, wao wakimfuata na vikombe vyao vya chai. Picha iliporudi, hapakuwa na mkono tena. Palikuwa na mgongo wa Makokha, utepe wa nyama ukining'inia shingoni, ukitiririsha damu kidogo kati ya mabega, na umati ukimsukuma kwa nyimbo kwenda zake kwao.

"Makokha!" Sifuna aliita. "Makokha! Khocha wako niko hapa!"

"Hawezi kugeuka," Nekesa alisema. "Akishavishwa hageuki. Unajua."

Alijua. Aliutazama mgongo ule ukipungua kati ya migomba hadi mvua ikaufunika.

Gachau alijinyoosha, ameridhika kabisa. "Lakini tumeiona, au sio? Na bila hata kuchafua gari. Sifuna, hii fomu basi haina kazi tena. Kesho njoo tu zamu." Akaichana mara mbili, kisha akakumbuka jambo. "Na yule mzee wa shati, aliyempiga. Ni nani wake?"

Sifuna aliifuta simu kwa kiganja chenye grisi, ikazidi kuchafuka.

"Ni mjomba wake," alisema.